Garanti Yake Iko Wapi?

Mtu akija kwangu Panzi, kartie ya Bukavu, kutaka nimwandikie barua ya kumtoa mpangaji asiyelipa, simuulizi kwanza anamdai miezi mingapi. Namuuliza garanti ya mpangaji iko wapi. Hapo wengi hukohoa, wengine hucheka. Mzee mmoja wa heshima kabisa alinyoosha kidole juu, akanionyesha mabati ya nyumba yake.

Mimi ni mtu wa Luhwindja, wilaya ya Mwenga. Nilifundisha shule ya msingi kwetu miaka mingi kabla ya kuhamia Bukavu, na kwa kuwa mwalimu hastaafu kalamu, majirani wa kartie hii wamenifanya mwandishi wao. Mimi si avoka. Kesi ya fedha nyingi naipeleka kwa wanaovaa joho. Zangu ni zile za chumba na sebule, nyumba ya mbao juu ya mteremko, anexi iliyobanwa kati ya jiko na choo. Ndizo zilizojaa mji huu. Wabelgiji walioupanga, wakauita Costermansville, waliupanga kwa ajili ya watu wachache waliotaka kuangalia ziwa. Vita vya 1996 na vyote vilivyofuata vikaleta watu kutoka Mwenga, Walungu, Kalehe na Shabunda, na kila aliyetangulia kupata kiwanja akajenga chumba cha kumpangisha aliyechelewa.

Kodi huku huhesabiwa kwa dola. Anayeingia hutoa garanti, yaani amana, na sheria imeweka kikomo chake: sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayosimamia upangaji wa nyumba za kuishi, hairuhusu garanti izidi kodi ya miezi mitatu. Panzi nimeona sita, nimeona kumi, nimeona mwaka mzima. Fedha hizo hakuna anayezitunza. Zinamalizia ukuta, zinalipa minervali ya shule ya watoto, zinamtolea kijana mahari. Mwenye nyumba anazihesabu kama mapato, mpangaji anazihesabu kama akiba yake iliyo kwa mtu mwingine, na wote wawili wanalala usingizi mpaka siku ya kuachana.

Siku hiyo ndipo unapomkuta yule anayeitwa mkaidi. Ukimsikiliza utakuta mara nyingi anadai pia. Haondoki kwa sababu akitoka mlangoni na vitu vyake, garanti yake imekwenda. Basi anakaa na kuila kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, bila kulipa. Huko tunakuita kula garanti, na hakuna mtu wa Bukavu asiyejua maana yake.

Mjane mmoja alinijia akilia. Chumba na sebule, dola 50 kwa mwezi. Mpangaji, fundi wa simu, alikuwa hajalipa miezi saba. Mama alitaka barua kali, yenye maneno ya polisi ndani yake. Nikamuuliza garanti: dola 400. Nikaandika kwenye daftari mbele yake. Miezi saba ni dola 350. Nikamwambia, mama, kwa hesabu hii ni wewe unayedaiwa na kijana huyu, dola 50. Alikasirika na mimi kuliko alivyomkasirikia mpangaji, akaniuliza nimekuwa wakili wa nani.

Kisheria kijana naye hakuwa safi. Garanti huwekwa kwa ajili ya uharibifu na madeni yatakayoonekana mwishoni, na mpangaji hana ruhusa ya kujikatia mwenyewe wakati bado yumo ndani. Lakini jaji akiwa na karatasi mbili mbele yake, moja ya deni la 350 na nyingine ya amana ya 400, hatamwona mwizi. Kwa hiyo sikuandika neno la polisi. Niliandika kwamba garanti inamalizika mwezi unaofuata, kwamba baada ya hapo kila mwezi ni deni, na kwamba mama anataka nyumba yake na anatoa preavi, notisi ya kuhama, ya miezi mitatu, tangu tarehe hii hadi tarehe ile. Nakala moja kwake, moja kwa shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa), moja ofisi ya Habitat (idara ya makazi ya serikali). Kijana alitia sahihi ya kupokea bila ubishi. Alihama mwezi wa tatu. Katika miezi miwili ya deni alilipa mmoja, na wa pili mama aliusamehe kwa sharti kwamba aandike kwamba hamdai tena garanti. Nadhani mama hajanisamehe mimi bado.

Kwetu Bushi, nchi ya Washi, jambo hili la kukaa kwenye mali ya mwingine ni la zamani kuliko mabati. Ardhi ya Mwami, mtawala wetu, ilipatikana kwa njia zaidi ya moja. Kulikuwa na kalinzi: mtu anatoa ng'ombe kwa Mwami au kwa mtu wake mkubwa, anapewa mlima wa kulima, na watoto wake wanaurithi. Kulikuwa na bwasa: unaazimwa shamba kwa msimu, unalipa kwa kazi ya mikono au kwa sehemu ya mavuno, kisha unalirudisha. Mwenye bwasa alipanda maharage, alipanda viazi vitamu. Mgomba hakupanda, wala kahawa. Mgomba unakaa, na mtu mwenye migomba amekwisha kuwa mwenyeji. Kila mtoto wa Luhwindja alilijua hilo bila kusomewa, na mwenye shamba akiona chipukizi la mgomba hakungoja lizae ndipo aseme.

Mwenye nyumba wa leo anampandia mpangaji migomba kwa mkono wake mwenyewe. Mpangaji anasema choo kimejaa, anaambiwa chimba kingine, tutakatana kwenye kodi. Anataka jiko, anaambiwa jenga. Anaweka dari, anaweka saruji chini, ananunua waya wa umeme. Hakuna aliyeandika bei. Baada ya miaka miwili anasema ametumia dola 600, mwenye nyumba anasema 150, na risiti ya saruji imeliwa na panya. Huyu naye hatoki, na ukimfukuza anakuuliza umlipe kwanza choo chako. Katika barua zote nilizowahi kuandika, hizi ndizo ngumu kuliko za deni tupu, maana kwenye deni tupu angalau tunakubaliana bei ya mwezi.

Luhwindja yenyewe ilionja upangaji wa mjini kwa ghafla. Kampuni ya Banro kutoka Kanada ilitoa dhahabu yake ya kwanza kwenye mlima wetu wa Twangiza mwaka 2011, na mwaka uliofuata ikaanza uzalishaji wa kibiashara. Familia zilizokuwa juu ya mlima zikahamishiwa Cinjira, kwenye baridi. Watu wa mishahara wakaja kutoka nje, na wenyeji wakajenga vyumba vya kupangisha. Mtu ambaye baba yake alipokea sehemu ya maharage ya bwasa sasa alipokea dola. Halafu mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Wapangaji wengine waliaga vizuri. Wengine waliweka kufuli mlangoni, wakaenda kutafuta maisha Kamituga, na hawakurudi. Ndani kuna kitanda, godoro, masufuria, labda na karatasi za mtu. Mwenye nyumba anapoteza kodi kila mwezi na hana hata wa kugombana naye.

Kufuli la namna hiyo usilivunje peke yako. Kwanza mtafute mtu wake: ndugu, mwenzake wa kazi, namba ya simu aliyoiacha. Andika barua, uibandike mlangoni mbele ya mashahidi, uweke siku. Siku ikipita, peleka neno kwa wenye mamlaka, na mlango ufunguliwe mbele ya shefu na afisa anayeweza kuandika PV, hati rasmi ya yaliyoonekana. Kila kitu kiorodheshwe, hata kijiko, kisha vitu viwekwe mahali pa salama. Mwenye nyumba aliyevunja usiku akirudiwa na mpangaji baada ya mwaka, ataambiwa ndani kulikuwa na gramu za dhahabu. Kwetu, mahali pa mgodi, nani atasema hazikuwamo?

Hasira inagharimu hata mwenye haki yote. Bukavu kuna desturi mbaya ya kumtoa mpangaji kwa kung'oa mabati au mlango. Wengine hukata umeme, wengine huweka kufuli juu ya kufuli la mpangaji, wengine huleta ndugu mwenye silaha asimame uani bila kusema neno. Bwana mmoja wa mtaa wa juu alipanda juu ya nyumba yake alfajiri, msimu wa mvua, akafungua mabati sita. Mpangaji alikuwa na deni la mwaka karibu mzima, garanti imekwisha zamani, kila jirani anajua kwamba ni mtu mgumu. Alipiga picha kwa simu: watoto chini ya mwavuli, godoro limelowa, mwenye nyumba juu na nyundo. Jioni mwenye nyumba alikuwa kasho, yaani mahabusu. Alitoka kwa fedha, akalipa godoro, akalipa redio iliyolowa, na mpangaji akakaa miezi minne zaidi chini ya mabati yale yale yaliyorudishwa.

Hakuna ajabu hapo. Ibara ya 29 ya Katiba ya 2006 inasema makao ya mtu hayavunjwi, na maneno hayo hayamtengi mtu asiyelipa kodi. Kanuni ya adhabu, ya tangu 1940, inamwadhibu anayeingia kwa nguvu katika nyumba ambayo mwingine anakaa. Anayekaa ndiye anayelindwa, hata kama hati ya kiwanja iko kwa mwingine. Wenye nyumba wanaliona hili kama dhuluma. Mimi naliona kama sheria iliyoandikwa na watu waliokwisha kuona mapanga yakitolewa kwa sababu ya chumba.

Njia iliyo halali ni ndefu, lakini si ngumu kueleweka. Unaanza kwa barua yenye tarehe na kiasi cha deni, mpangaji anatia sahihi ya kupokea, na akikataa, shefu wa avenyu anaandika kwamba amekataa. Kisha Habitat. Sheria ya 2015 inataka ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji upite kwanza huko kwa mapatano. Wanawaita wote wawili, wanasikiliza, wanaandika PV ya kukubaliana au ya kutokubaliana. Usiidharau PV ya kutokubaliana. Watu huirarua kwa hasira, na kumbe ndiyo inayowafungulia mlango wa mahakama. Kwa nyumba zetu hizi ndogo mahakama huwa ni ile ya amani, Tripaix.

Mbele ya jaji usitarajie mpangaji atolewe siku hiyo hiyo. Sheria yetu ya mikataba ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi za Leopold, na bado inatumika. Ibara yake ya 82 inasema kwamba upande mmoja usipotimiza neno lake, mkataba hauvunjiki wenyewe. Ni lazima uombe uvunjwe mahakamani, na jaji anaweza kumpa mdaiwa muda kulingana na hali yake. Mpangaji mwenye mgonjwa atapewa muda. Anayeonyesha ujumbe wa M-Pesa kwamba wiki iliyopita alituma dola 20 atapewa muda. Hukumu ikitoka na njia za rufaa zikiisha, anayeitekeleza ni wisie, mtekelezaji wa amri za mahakama. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuitekeleza mwenyewe, wala vijana wa mtaani aliowanunulia bia.

Kwa sababu ya urefu huo karatasi ya siku ya kwanza ina thamani. Wengi hawaandiki mkataba kwa kuogopa IRL, ushuru wa mapato ya upangaji. Wanaona wakiandikisha Habitat, mtu wa ushuru atawafuata. Ni kweli anaweza kuwafuata. Lakini angalieni kinachopotea. Chini ya sheria za biashara za OHADA, za pamoja na nchi nyingine za Afrika, ambazo nchi yetu imezifuata tangu 2012, mwenye mkataba wa maandishi akishampelekea mpangaji amri ya kulipa kwa wisie na asilipwe, anaweza kuzuia mali ya mpangaji isihamishwe bila kwanza kuomba kibali cha jaji. Mwenye mkataba wa mdomo hana mlango huo. Anabaki kutafuta mashahidi, na mashahidi wa Bukavu hutaka nauli.

Kwa anayepangisha duka au depo la vinywaji sheria ni nyingine. Hao wako moja kwa moja chini ya OHADA, na kabla ya kwenda mahakamani ni lazima mpangaji apewe onyo rasmi na mwezi mmoja wa kujirekebisha. Nimeona kesi nzuri ikitupwa kwa sababu mwenye jengo alitumia barua ya nyumba ya kuishi aliyoazima kwa shemeji yake.

Neno jingine kuhusu preavi. Watu wanaamini kwamba miezi ya preavi ni ya bure. Si ya bure. Kodi inatembea mpaka funguo zirudi mkononi mwa mwenyewe, na siku ya funguo ni lazima muizunguke nyumba pamoja: kitasa, vioo, mita ya umeme, choo. Mkiwa mliizunguka pia siku ya kuingia na mkaandika, mazungumzo ni ya robo saa.

Na kuna mpangaji asiyelipa ambaye mimi simlaumu hata kidogo. Mwenye nyumba amefariki. Kaka mkubwa anakuja tarehe moja kuchukua kodi. Mke wa pili anakuja tarehe tano. Mtoto wa tatu anapiga simu kutoka Kinshasa kusema asilipwe yeyote. Mpangaji akimlipa mmoja, wawili wanamwita mwizi. Akinyamaza, wote watatu wanaungana kumfukuza, na huenda hilo ndilo jambo pekee waliloungana tangu mazishi. Sheria ya familia ya 1987 inataka mirathi iwe na mtu wa kuisimamia. Familia imteue kwa maandishi, mpangaji apewe nakala, alipe huko. Kabla ya hapo, namshauri mpangaji aziweke fedha kila mwezi na aandike kwamba ameziweka, mbele ya shefu. Siku wakielewana, azitoe zote. Akizila, hapo nitawaandikia wao barua.

Hayo yote nimeyasema kama vile mahakama iko wazi. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Benki zikafunga milango, kazi ya mahakama ikasimama, na mishahara mingi ikawa habari ya kusikia. Watu waliokuwa wakilipa tarehe mbili kila mwezi, watu wa neno lao, wakaanza kupita njia ya nyuma wasikutane na mwenye nyumba. Na mwenye nyumba naye ana watoto, kodi hiyo ndiyo mshahara wake; mjane mwenye vyumba vitatu si tajiri kwa sababu ana vyumba vitatu. Hapo maneno ya mkaidi na mnyonyaji hayana kazi tena.

Tangu wakati huo siandiki barua za kufukuza. Naandika mapatano. Deni ni kiasi gani hadi leo. Garanti imebaki kiasi gani, au imekwisha. Kila mwezi mpangaji atatoa nini, hata kama ni dola 10, hata kama ni kwa simu, na ujumbe wa simu utakuwa risiti. Akishindwa hadi tarehe fulani, atahama, na mwenye nyumba atamrudishia nini siku ya kuhama. Choo alichochimba kina bei gani. Sahihi tatu: mwenye nyumba, mpangaji, shefu wa avenyu. Ibara ya 33 ya dekreti ile ya 1888 inasema makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana. Hakuna jaji anayehitajika ili iwe hivyo, na jaji akirudi atayasoma.

Nawaomba wenye nyumba jambo moja: mkipangisha upya, pokeeni miezi mitatu ya sheria, si kumi, maana kumi ndiyo mnayoshindwa kuirudisha. Nanyi wapangaji, mkiona mwezi unaokuja utawashinda, semeni kabla haujafika. Anayetaka mapatano yaandikwe, aje na mwenzake. Mmoja peke yake simwandikii tena.